Jinsi ya Kurekebisha Utamaduni Mbaya wa Kazi Baada ya Kampuni Mbili za Vifaa Tiba Kuungana

Miezi michache baada ya kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi kununuliwa na kampuni kubwa zaidi ya vifaa tiba, idadi ya malalamiko ya wateja ilishuka karibu nusu, na katika kikao cha menejimenti watu wakapongezana. Nilikuwa katika idara ya ubora, nami nikapiga makofi pamoja na wengine. Zilipita wiki kadhaa kabla hatujatambua kwamba hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kimeboreshwa. Maafisa mauzo wa upande wetu walikuwa wamefungiwa mfumo wa zamani wa kuandikishia malalamiko, hawakuwa wamefundishwa mfumo mpya, na waliogopa kuuliza kwa sababu kila aliyeuliza alijibiwa kwamba huku mambo hayafanywi hivyo. Kwa hiyo maneno ya wauguzi na madaktari yalibaki katika barua pepe zao, katika madaftari, na mengine katika kumbukumbu zao tu.

Ninaanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mipango mingi ya kuunganisha wafanyakazi hulipita. Katika kazi nyingine, utamaduni mbaya huwachosha wafanyakazi na huwapunguzia ari. Katika kampuni ya vifaa tiba hufanya hivyo pia, lakini zaidi ya hapo huichelewesha au huizima kabisa habari ya kifaa kinachoharibika kikiwa mwilini au pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Ndiyo maana ninaamini kwamba marekebisho yaanzie kwenye njia inayopitiwa na habari mbaya, kabla ya kaulimbiu mpya, kabla ya hafla za kufahamiana, na kabla ya hojaji ndefu za idara ya rasilimali watu. Maelezo haya yanamhusu hasa mkuu wa idara au kiongozi wa timu aliyekabidhiwa watu wa pande mbili. Asiye na cheo atakuta sehemu yake mbele.

Fuatilia malalamiko tangu yaliposemwa

Chukua malalamiko kumi ya karibuni kutoka kila upande wa kampuni, yakiwa ya bidhaa zinazokaribiana kadiri inavyowezekana. Kwa kila lalamiko tafuta tarehe nne: siku tatizo lilipotokea hospitalini, siku mfanyakazi yeyote wa kampuni alipolisikia, siku lilipoandikishwa katika mfumo, na siku mtu mwenye ujuzi alipoamua kama linapaswa kuripotiwa kwa mamlaka ya udhibiti. Tarehe mbili za mwisho utazipata kwenye kompyuta. Mbili za mwanzo mara nyingi hazimo, na itakubidi uzungumze na watu ili uzipate.

Tarehe hizo si jambo la udadisi tu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya vifaa tiba, namba 2017/745, iliyoanza kutumika Mei 2021, inamtaka mtengenezaji aripoti tukio zito ndani ya siku 15 tangu alipopata habari zake. Muda huo ni siku 10 endapo kuna kifo au afya ya mtu imezorota vibaya bila kutarajiwa, na siku 2 endapo kuna tishio kubwa kwa afya ya umma. Nchini Marekani muda wa kawaida kwa mtengenezaji ni siku 30 za kalenda, na siku 5 za kazi pale ambapo lazima ichukuliwe hatua ya kuzuia hatari kubwa kwa umma. Tena huko Marekani siku hizo 30 huanza kuhesabiwa pale mfanyakazi yeyote anapojua, hata kama idara ya ubora haijaletewa karatasi. Afisa mauzo aliyeambiwa na muuguzi katika ukumbi wa hospitali kwamba pampu imeingiza dawa kupita kiasi, naye akabaki akijiuliza ajaze fomu ya kampuni ipi, tayari ameianzisha saa ya kampuni nzima.

Unapowahoji watu, zungumza na mmoja mmoja, msimamizi wake asiwepo, na usianze kwa kuuliza kwa nini hakuandikisha. Swali lililonisaidia zaidi lilikuwa hili: "Siku ile uliposikia, ulifikiri ni nani wa kumwambia?" Majibu yatajigawa katika mafungu matatu. Wako ambao hawakujua wa kumwambia. Wako waliojua, lakini yule waliyemjua alikuwa ameondoka, au namba yake ya simu haikuwa ikipokelewa tena. Na wako waliojua vizuri, ila waliogopa. Mafungu mawili ya kwanza yanaweza kutengenezwa ndani ya wiki moja kwa namba moja ya simu, fomu moja na ukurasa mmoja wenye majina ya wahusika, uliosambazwa kwa pande zote mbili siku ileile. Fungu la tatu ndilo ugonjwa wenyewe. Kosa ambalo nimeliona likirudiwa ni kulitibu fungu hilo kwa mafunzo ya kutumia mfumo, ilhali mtu anayeogopa anajua kabisa kitufe cha kubonyeza.

Fundi mmoja wa matengenezo aliniambia kwamba aliwahi kuripoti mara mbili ufa katika kiungio cha waya wa kifaa fulani. Mara ya pili aliambiwa mbele ya wenzake kwamba watu wa upande wenu mnapenda kuzusha mambo. Alipouona ufa huo mara ya tatu, alibadilisha waya, akaandika "matengenezo ya kawaida" na kuendelea na kazi. Sikumlaumu, na nakuomba nawe usimlaumu wa kwako. Nenda kwa aliyesema maneno yale, zungumza naye siku hiyohiyo na mkiwa wawili tu, umweleze ni taarifa gani aliyoizima, kisha hakikisha kwamba fundi anaitwa, anasikilizwa na anaonyeshwa namba ya lalamiko lake baada ya kuandikishwa. Wenzake watajua kabla ya jua kuzama, na habari hiyo itafanya kazi kuliko waraka wowote kutoka makao makuu.

Usifurahie ukimya

Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika timu za hospitali. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume chake, kwani timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, bali zilikuwa huru zaidi kuyasema makosa. Hapo ndipo lilipoanzia wazo lake maarufu la usalama wa kisaikolojia katika timu.

Kwa kampuni iliyotoka kuungana, utafiti huo una matokeo ambayo lazima uyapange mapema. Ukifanikiwa kurekebisha utamaduni, malalamiko yaliyoandikishwa yataongezeka kabla hayajapungua, pengine kwa miezi kadhaa. Wakurugenzi wasipoandaliwa watauona mchoro unaopanda, watahitimisha kwamba idara imeharibika mikononi mwako, na watamteua mtu wa kuushusha. Naye ataushusha kwa njia ileile ya zamani: funika kombe mwanaharamu apite. Kwa hiyo waandikie barua kabla hujaanza, uwaambie kwamba unatarajia ongezeko, kwa nini unalitarajia, na ni kipimo gani kitakachoonyesha kama ongezeko hilo ni la usemaji au la uharibifu halisi wa vifaa. Kipimo ninachokipendekeza ni idadi ya siku kati ya kusikia na kuandikisha. Idadi ya malalamiko ikipanda huku siku hizo zikipungua, watu wameanza kusema. Idadi ikipanda huku vifaa vinavyorudishwa kiwandani vikionyesha kasoro ileile mpya, basi hapo una tatizo la uzalishaji, nalo hushughulikiwa kwa njia yake.

Pitia pia mikataba ya bonasi. Ukikuta meneja yeyote analipwa kwa kupungua kwa malalamiko, kampuni inanunua ukimya kwa fedha zake yenyewe, na hakuna hotuba itakayoshindana na malipo hayo. Kifungu hicho kiondolewe mwaka huohuo wa kwanza.

Taratibu za pande mbili zisomwe kabla hazijatupwa

Ugomvi mkubwa baada ya muungano hutokea juu ya hati: ni taratibu za nani zitakazobaki. Kwa kawaida aliyenunua hushinda bila mjadala, na walionunuliwa huchukua hatua hiyo kama hukumu juu ya miaka yao yote ya kazi. Kila upande hudai kwamba njia yake ndiyo inayotakiwa kisheria. Mara nyingi dai hilo si kweli. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya ubora wa vifaa tiba, ISO 13485 cha mwaka 2016, kinasema ni mambo gani yadhibitiwe, lakini hakisemi fomu yako iwe na safu ngapi wala saini ikae wapi. Kuanzia tarehe 2 Februari 2026 kanuni za ubora za Marekani nazo zinasimama juu ya kiwango hichohicho, kwa hiyo kampuni mbili zinaweza kutii matakwa yaleyale kwa hati zisizofanana hata kidogo. Mweleze kila mkuu wa sehemu jambo hili mapema, maana nusu ya majivuno huisha mtu anapotambua kwamba utaratibu wake ni chaguo tu wala si amri.

Njia niliyoiona ikifaa ni kuwakalisha pamoja watu wawili wanaofanya kazi ileile, mmoja kutoka kila upande, nao wawe watendaji wa kazi yenyewe, si mameneja. Kila mmoja asome utaratibu wa mwenzake na aweke alama kwenye kila hatua asiyoielewa. Kisha mwenye utaratibu aeleze hatua hiyo iliwekwa kwa nini. Katika kiwanda cha vifaa tiba hatua nyingi zinazoonekana za ajabu ni kovu la tatizo lililowahi kutokea. Pipa lile linafungwa kwa mkanda mwekundu kwa sababu mwaka fulani vifaa visivyosafishwa kwa gesi vilichanganyika na vilivyosafishwa. Kipimo kile hurudiwa mara mbili kwa sababu mashine ya kwanza ilipoteza usahihi bila mtu kujua. Mara nyingi sababu hizo hazikuandikwa popote, na huondoka pamoja na mtu anayezikumbuka. Wape watu hawa wawili amri moja tu: hatua yoyote ambayo sababu yake haijulikani isiondolewe mpaka itafutwe, na kama haitapatikana, uamuzi wa kuiondoa uandikwe pamoja na majina ya walioamua.

Historia ya mashine ya mionzi ya Therac-25 inaonyesha gharama ya kutofanya hivyo. Mashine zilizotangulia, Therac-6 na Therac-20, zilitengenezwa kwa ushirikiano wa kampuni ya Kanada, AECL, na kampuni ya Ufaransa, CGR. Ushirikiano huo ukavunjika, na AECL ikaendelea peke yake na Therac-25, ikichukua sehemu za programu za zamani huku ikiondoa vizuizi vya kimitambo ambavyo katika Therac-20 vilizuia mionzi isitoke pale programu inapokosea. Kasoro iliyokuwa imelala ndani ya programu sasa haikuwa na wa kuizuia. Kati ya mwaka 1985 na 1987 wagonjwa sita walipigwa na mionzi kupita kiasi kikubwa, na baadhi yao wakafa. Ule ulikuwa utengano, wala haukuwa muungano, lakini jambo lililopotea ni lilelile: habari ya kwa nini kizuizi kiliwekwa.

Kuna ugomvi mwingine unaofanana na wa utamaduni ilhali ni wa msamiati. Kiwango cha ISO 14971, kinachohusu udhibiti wa hatari za vifaa tiba, huiachia kila kampuni ijiwekee mizani yake ya ukubwa wa madhara. Upande mmoja una ngazi tano na mwingine una ngazi kumi. Mhandisi wa upande wa kwanza anaandika "hatari ya ngazi ya 4" akimaanisha jambo la kutisha, na mwenzake wa upande wa pili analisoma kama dogo, kisha mmoja anamwita mwenziwe mzembe na yeye anaitwa mwoga. Andaeni jedwali la kubadilishia ngazi ndani ya mwezi wa kwanza, na mpaka likamilike, kila anayetaja namba aandike na madhara yenyewe kwa maneno: kuungua ngozi, kuchelewa kwa matibabu, kifo. Nimeshuhudia uhasama wa miezi minne ukiisha kwa jedwali la ukurasa mmoja.

Anayenunua hurithi na yaliyofichwa

Viongozi wa upande ulionunua hupenda kuamini kwamba matatizo ni ya waliokuja. Kumbukumbu za sekta hii hazimruhusu mtu kujitenga hivyo. Mwaka 2005 kampuni ya Guidant ilijikuta katika kashfa baada ya kujulikana kwamba kasoro ya umeme katika baadhi ya vifaa vyake vya kushtua moyo, vinavyopandikizwa kifuani, ilikuwa imerekebishwa kwenye vifaa vipya tangu mwaka 2002 bila madaktari kuelezwa. Boston Scientific ilikamilisha kuinunua Guidant mwaka 2006. Kesi ya jinai iliyotokana na mambo hayo iliishia kwa kukiri makosa mwaka 2010, na malipo ya takriban dola milioni 296, wakati ambapo Guidant ilikuwa tayari ni sehemu ya mnunuzi wake. Kadhalika, Abbott ilikamilisha kuinunua St. Jude Medical Januari 2017, na Aprili mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaiandikia barua ya onyo kuhusu kiwanda kilichotoka St. Jude, mojawapo ya mambo yaliyotajwa likiwa namna kampuni ilivyoshughulikia betri za vifaa vya moyo zilizokuwa zikiisha kabla ya wakati.

Mkaguzi anapofika hataki kujua jengo lilikuwa la nani mwaka jana. Kwa hiyo, katika wiki za kwanza, itisha kikao ambacho kila mkuu wa sehemu wa upande ulionunuliwa anaombwa ataje mambo matatu yanayomkosesha usingizi kuhusu bidhaa zake, kwa ahadi iliyoandikwa na kusainiwa na mkurugenzi mtendaji kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa kutaja jambo lililokuwepo kabla ya muungano. Kisha wakuu wa upande ulionunua wafanye vivyo hivyo, katika kikao hichohicho, tena wao wakitangulia. Sehemu hii ya pili ndiyo huachwa, na ikiachwa kikao chote hugeuka mahakama.

Nani anaweza kuzuia bidhaa isitoke?

Muungano huja na ahadi zilizotolewa kwa wawekezaji, na ahadi hizo hushuka ngazi kwa ngazi mpaka kwa mtu mmoja mwenye kalamu, yule anayesaini kwamba bechi hii, yaani fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, iko tayari kwenda sokoni. Mwisho wa robo ya mwaka ndiyo siku yake ngumu. Kama unataka kuujua utamaduni wa kampuni kwa swali moja, tafuta watu waliozuia bechi kutoka katika mwaka uliopita na uangalie wako wapi leo. Kama wamehamishwa, wamenyimwa kupanda cheo, au wameacha kazi, wafanyakazi wengine wote wameshasoma somo hilo, na utakachokisema wewe hakitalifuta.

Mwenye kusaini asiwe chini ya mkuu wa mauzo wala wa uzalishaji katika mchoro mpya wa madaraka. Muungano unapopunguza vyeo, mara nyingi ngazi hizo huunganishwa kwa kubana matumizi, nami nakusihi ulipinge jambo hilo kwa maandishi. Kanuni ya Ulaya niliyoitaja, katika kifungu cha 15, humtaka mtengenezaji awe na mtu mwenye dhamana ya utii wa kanuni na inakataza mtu huyo kuumizwa kikazi kwa sababu ya kutimiza wajibu wake. Ulinzi kama huo unaweza kuutanua ndani ya kampuni yako bila kusubiri sheria: mwenye kuzuia bechi atoe maelezo ya maandishi, mkuu wake ayajibu kwa maandishi, na anayetaka kubatilisha uamuzi huo aweke jina lake na tarehe. Watu wachache sana hukubali kuweka majina yao chini ya uamuzi mbaya.

Wasiwasi wa ajira

Hakuna atakayesema ukweli kuhusu kifaa huku akiamini kwamba orodha ya watakaoachishwa kazi inaandaliwa chumba cha pili. Usiwaambie watu kwamba hakuna kitakachobadilika, kwa sababu si kweli na wao wanajua. Waambie kilichoamuliwa, kisichoamuliwa, na tarehe ambayo utarudi kuzungumza nao tena, kisha rudi tarehe hiyo hata kama huna jipya. Nafasi zinazogongana ziamuliwe mapema. Wakuu wawili wa idara moja wakiachwa washindane mwaka mzima, timu hugawanyika nyuma yao, na kila kosa la upande mmoja hugeuka silaha ya upande wa pili badala ya kuwa taarifa ya ubora.

Kabla mtu hajaondoka, chukua alichonacho. Huko Ulaya hati za kiufundi za kifaa hutakiwa kutunzwa kwa miaka 10 tangu kifaa cha mwisho kilipoingizwa sokoni, na miaka 15 kwa vifaa vya kupandikizwa, hivyo faili litaishi muda mrefu kuliko ajira ya aliyeliandika. Mlipe mtu huyo wiki za ziada, akae na mrithi wake na kumpitisha katika faili ukurasa kwa ukurasa. Zaidi ya manufaa ya hati, wanaobaki huona jinsi anayeondoka alivyoheshimiwa, na wengi huamua hapo kama watamwamini mwajiri mpya.

Kuhusu mishahara na marupurupu yasiyolingana kati ya pande mbili nitasema machache: tangazeni ratiba ya kuyasawazisha. Watu huvumilia tofauti yenye tarehe ya kwisha, hawaivumilii isiyotajwa.

Kwa asiye na cheo

Pengine unasoma haya ukiwa mfanyakazi wa kawaida ambaye wakuu wake hawana nia ya kurekebisha lolote. Andika kumbukumbu zako kwa maneno yako mwenyewe: tarehe, ulichokiona, uliyemwambia, alichojibu. Usichukue nyumbani hati za kampuni wala taarifa za wagonjwa, kwa sababu jambo hilo linaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji na kuzika ulichokuwa ukisema. Mambo ya vifaa yatenganishe na mambo ya watu. Ukiandika katika taarifa moja kwamba sili za vifungashio zinaachia na kwamba meneja mpya ana dharau, msomaji atashika la pili na kuliacha la kwanza.

Anzia kwenye njia ya ndani, kwa maandishi, na uombe uthibitisho wa kupokelewa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo namba 2019/1937 linawalinda watoa taarifa, na kwa taarifa za ndani linataka uthibitisho utolewe ndani ya siku 7 na majibu yatolewe katika muda usiozidi miezi mitatu. Mamlaka za udhibiti nazo, FDA ikiwemo, hupokea taarifa za ukiukaji moja kwa moja kutoka kwa yeyote, hata asiyetaka kujitaja. Kabla hujatoka nje ya kampuni, ni vyema umwone mwanasheria wa ajira, hata kama ni kwa saa moja, akueleze ulinzi ulio nao mahali ulipo. Na kama kuna mgonjwa anayeweza kudhurika sasa hivi, usisubiri mpangilio huu wote ukamilike. Mpigie anayehusika na usalama wa bidhaa leo, kisha uandike baadaye.

Rudia kipimo

Baada ya miezi sita, chukua tena malalamiko kumi kutoka kila upande na utafute tarehe zilezile nne. Safari hii angalia mambo mengine mawili. La kwanza ni hatua za kurekebisha na kuzuia zilizofungwa: ni ngapi zilifungwa baada ya mtu kuthibitisha kwamba tatizo halikurudi, na ni ngapi zilifungwa kwa sababu tu tarehe ya mwisho ilikuwa imefika. La pili ni barua za kuacha kazi, ambazo uzigawe kwa upande na kwa idara. Wahandisi wa upande mmoja wakiendelea kuondoka ilhali tarehe zako zimependeza, bado kuna jambo ambalo watu wanaona ni rahisi kuondoka kuliko kulisema, na itakubidi uwatafute hata waliokwisha kuondoka ili uwaulize.

Kisha rudi kwa wale uliowahoji mara ya kwanza na uwaulize swali lilelile, wangemwambia nani. Katika kampuni yangu nilimtafuta fundi wa ule waya. Alinitajia jina la mhandisi wa upande wa pili, mtu ambaye miezi sita kabla hawakuwa wakisalimiana, akaniambia kwamba alikuwa amempigia asubuhi ileile kuhusu kiungio kingine.